Kamba Iliyotulia Haikosi Nguvu

Siku ya michezo kambini, hapana shindano linalokusanya watazamaji upesi kama lile la kuvuta kamba. Askari wanane husimama huku, wanane kule. Kamba nene imelazwa baina yao, na kitambaa chekundu kimefungwa penye nusu yake. Akina mama wapo pembeni na watoto migongoni, wazee wamekaa chini ya mwembe. Filimbi inapolia, watu kumi na sita hulala nyuma kwa pamoja, mishipa ya shingo huwatoka, visigino huchimba ardhi. Na hata hivyo, pengine kwa dakika nzima, kile kitambaa hakisogei hata upana wa kidole. Mtoto mdogo akiulizwa kuna nini katika kamba ile, atajibu kwamba hamna kitu, kwa kuwa haiendi popote.

Mtoto huyo hastahili kuchekwa. Wanafalsafa wa Uyunani ya kale, Aristotle akiwa mbele yao, walifundisha jambo lililokaribiana na hilo: kwamba utulivu ndio hali ya asili ya vitu vya duniani, na kwamba kitu hakiendi ila kikisukumwa, na kikiachwa kusukumwa husimama. Fundisho hilo lilidumu karibu miaka elfu mbili. Aliyelitikisa ni Galileo Galilei wa Italia (1564–1642), ambaye aliviringisha mipira juu ya mbao zilizoinama na kufikia kwa hoja kwamba, lau njia ingekuwa tambarare na laini kabisa, mpira usingesimama. Kisha Isaac Newton wa Uingereza akayapanga mambo hayo vizuri katika kitabu alichokitoa mwaka 1687.

Alichokisema Newton chaweza kuelezwa kwa maneno machache. Juu ya kila kitu, kiwe kimetulia au kinakwenda, zipo nguvu zinazokivuta na kukisukuma kutoka pande mbalimbali. Nguvu hizo, ambazo vitabu vya fizikia huziita kani, zikilingana hata zikamalizana, kitu hakibadili hali yake: kilichotulia hubaki kimetulia, na kinachokwenda huendelea kwenda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka. Zisipolingana, hapo ndipo mabadiliko huzuka: kitu huanza kwenda, au huongeza kasi, au huipunguza, au hupinda njia. Basi. Mengine yote ni mifano. Lakini katika mifano hiyo ndimo watu wanamopona au wanamoangamia.

Na ianze kamba yenyewe. Ichukuliwe kwamba kikosi cha kulia kinavuta kwa nguvu iwezayo kuinua mzigo wa kilo 400, na cha kushoto vilevile. Kamba haisogei, kwa sababu nguvu mbili zinazoivuta zimelingana na kuelekea pande mbili zilizo kinyume. Lakini akitokea mtu akaweka katikati ya kamba mizani ya kuning'iniza, ile inayotumika kupimia magunia ya kahawa, mizani hiyo haitasoma sifuri kama alivyodhani mtoto. Wala haitasoma 800, kama wanavyodhani watu wazima wengi. Itasoma 400. Anayelitilia shaka jambo hili na afikiri juu ya kamba iliyofungwa kwenye boriti, nayo imening'iniza mzigo wa kilo 400. Mzigo unavuta chini kwa kilo 400, boriti inavuta juu kwa kiasi hichohicho, wala hakuna fundi atakayesema kamba hiyo imebeba kilo 800.

Ni nani basi anayeshinda? Hapa pana fumbo lililowatatiza hata walimu. Kamba huvivuta vikosi vyote viwili sawasawa. Nguvu inayomfikia mtu wa kulia kupitia kamba ndiyo inayomfikia wa kushoto. Haiwezekani kikosi kimoja kiivute kamba kwa 400 na kingine kwa 300 wakati mmoja. Tofauti haimo kambani. Imo miguuni. Kila mvutaji anaisukuma ardhi kwa visigino, nayo ardhi inamsukuma yeye kuelekea nyuma yake. Kikosi ambacho ardhi inakisukuma zaidi ya kamba inavyokivuta, hurudi nyuma na kushinda; kikosi ambacho miguu yake inateleza, ardhi ikakinyima msukumo, huburutwa. Ndiyo maana mwalimu wa michezo mwenye kujua kazi yake hapigi kelele juu ya mikono. Hupiga kelele juu ya miguu: "Kaza kisigino! Shuka chini!" Na ndiyo maana watu wazito hupendelewa, maana uzito huukandamiza mguu ardhini na kuuongezea msuguano.

Jambo hilo la miguu limewahi kuzua ugomvi wa kimataifa, nao uliwahusu polisi. Kuvuta kamba kulikuwa miongoni mwa michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1900 hadi 1920. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908, kikosi cha polisi wa Liverpool kilikutana na kikosi cha Marekani, na Wamarekani wakaburutwa kwa sekunde chache tu. Wakalalamika kwamba buti za polisi wale zilikuwa nzito mno na zenye chuma, kinyume cha kanuni. Wenyeji wakajibu kwamba hizo ni buti za kazi ya kila siku, malalamiko yakakataliwa, na Wamarekani wakajitoa. Medali zote tatu mwaka huo zilichukuliwa na polisi wa Uingereza: dhahabu ilikwenda kwa polisi wa Jiji la London, fedha kwa wale wa Liverpool, na shaba kwa kikosi kingine cha polisi wa mji huohuo wa London. Miaka minne baadaye, mjini Stockholm, polisi wa Jiji la London walikutana na polisi wa Sweden na kushindwa. Kwa upande wa fizikia, Wamarekani walikuwa wamelenga penyewe: ugomvi ulistahili kuwa juu ya buti.

Lakini kamba ina jambo lingine zito zaidi kuliko medali. Kamba iliyokazwa na kutulia imehifadhi ndani yake nguvu yote iliyotiwa na wavutaji wa pande zote mbili. Ikikatika, kila kipande hubakiwa na nguvu ya upande mmoja tu, isiyo na wa kuizuia, nacho huruka. Mwaka 1997, mjini Taipei katika kisiwa cha Taiwan, watu zaidi ya elfu moja walishika kamba moja katika sherehe. Kamba haikustahimili. Ilikatika, na wanaume wawili wakang'olewa mkono mmoja kila mmoja. Madaktari walifanya kazi kwa saa nyingi kuwaunganishia. Kutokana na mambo ya namna hiyo, kanuni za mchezo huu hukataza mtu kujizungushia kamba mkononi au kuifunga fundo la kushikia. Mkono ulioshika tu huweza kuachia, uliozungushiwa hauwezi.

Askari wengi hawavuti kamba ila mara moja kwa mwaka, lakini huvuta magari kila msimu wa mvua. Lori likizama katika matope, waya hufungwa, gari lingine huvuta, na mara nyingi kwa muda mrefu hakuna kinachosogea. Huo ndio wakati wa hatari, ingawa ndio wakati ambao vijana husogea karibu kutazama, na wengine huuruka waya kwenda upande wa pili. Waya uliotulia hivyo huenda umebeba uzito wa tani kadhaa. Fundi mwenye uzoefu huwaondoa watu mbali kuliko urefu wa waya wenyewe, kisha hutupa turubai zito au blanketi lililolowa juu ya waya, katikati, ili ukikatika uangushwe chini badala ya kupiga kama mjeledi. Hakuna gharama katika jambo hilo, na ni ajabu jinsi linavyopuuzwa.

Hapa panafaa kuondolewa utata mmoja. Wako wanaosema: ikiwa kila msukumo una msukumo wa kuujibu, ulio sawa nao na kinyume chake, mbona vitu vyote havilingani na kutulia milele? Jibu analo kila askari begani mwake. Risasi inapotoka, bunduki huisukuma mbele, nayo risasi huisukuma bunduki nyuma kwa nguvu iliyo sawa. Lakini nguvu hizo mbili hazikai juu ya kitu kimoja. Moja imo juu ya risasi, nyingine imo juu ya bunduki. Kwa hiyo hazimalizani, na kila kimoja huenda upande wake. Risasi ya gramu 8 huruka kwa kasi kubwa mno. Bunduki ya kilo 4, iliyo nzito kuliko risasi mara 500, hurudi polepole na kumpiga mtu teke tu. Mkufunzi anaposisitiza kitako cha bunduki kikazwe begani, anaongeza uzito wa mwili juu ya uzito wa bunduki, ili teke hilo liwe dogo. Kurutu anayekiacha kitako mbali na bega hujifunza fizikia kwa jino.

Jikoni nako nguvu hizi zinafanya kazi kutwa, tena bila likizo. Chungu kilichokaa juu ya mafiga kinavutwa chini na dunia, na mafiga yanakisukuma juu kwa kiasi kilekile. Wazee hawakuchagua mafiga matatu kwa kubahatisha: vitu vitatu hugusa chungu vyote hata ardhi iwe na mabonde, hali kiti cha miguu minne hucheza kikiwekwa pasipo sawa. Muda wote uzito wa chungu unapoangukia ndani ya nafasi iliyozungukwa na mafiga, chungu kimetulia. Anaposonga posho, mama hukisukuma chungu kando kwa mwiko. Ndiyo maana hukikaza kwa mti au kwa mguu. Sufuria yenye mpini mrefu uliotokeza nje ya jiko haimhitaji mtu mzima kuiangusha. Mtoto wa miaka miwili anayejiinua kwa kuushika mpini huo anatosha, na lita tatu za maji yanayochemka humshukia kifuani. Mpini na ugeuzwe ndani, kila siku, hata kama mtoto amelala.

Kifuniko kinachochezacheza juu ya sufuria nacho kina habari yake. Mvuke unapokusanyika hukisukuma juu. Ukizidi uzito wake, kifuniko hunyanyuka, mvuke hutoroka, nacho huanguka tena. Ni salama kwa sababu kifuniko ni chepesi na hakikufungwa. Mkebe uliofungwa barabara na kutupwa motoni hauna njia ya kunyanyuka. Msukumo wa ndani huongezeka mpaka bati lishindwe, kisha hupasuka kama bomu.

Mama anayetoka kisimani na ndoo ya lita 20 kichwani amebeba kilo 20 na uzito wa ndoo juu yake. Shingo yake inaisukuma ndoo juu kwa kiasi kilekile ambacho dunia inaivuta chini. Anapotembea kwa mwendo usiobadilika katika njia iliyonyooka, nguvu zilizo juu ya ndoo bado zimelingana, ingawa ndoo inakwenda. Hilo ndilo linalowashinda wengi kulikubali. Hudhani kwamba kinachokwenda lazima kiwe na nguvu iliyozidi upande wa mbele.

Na waulizwe askari wa miavuli. Mtu anapotoka mlangoni mwa ndege, mwanzo dunia inamvuta chini na hewa haijamzuia sana; nguvu hazilingani, na kasi yake huongezeka kila sekunde. Kadiri anavyokwenda kasi ndivyo hewa inavyomsukuma juu kwa ukali zaidi. Lau asingefungua mwavuli, angefika kwenye kasi ya kilomita 200 hivi kwa saa, ambapo hewa ingemsukuma juu sawasawa na uzito wake, na kutoka hapo asingeongeza kasi tena. Mwavuli ukifunguka, hewa hupata mahali pakubwa pa kusukuma, msukumo wake huzidi uzito, na askari hupunguza kasi kwa mshtuko mkali. Sekunde chache baadaye nguvu hulingana tena, safari hii kwa kasi ya mita 5 hadi 7 kwa sekunde, na kwa kasi hiyo hiyo hushuka mpaka ardhini. Mfaransa André-Jacques Garnerin alipoushuka mji wa Paris kwa mwavuli kutoka katika puto, mwaka 1797, uzito wake na upepo vilikuwa vimelingana hivyo hivyo, naye alikuwa akishuka.

Turudishe macho kwenye ndoo. Mama akisimama ghafla, maji humwagikia mbele. Hakuna aliyeyasukuma. Miguu yake imesimamisha mwili, shingo imesimamisha ndoo, lakini maji hayakushikwa na mtu. Yanaendelea na mwendo yaliokuwa nao. Ndiyo sababu wengine huelekeza matawi mabichi juu ya maji, yapate kuzuiwa kidogo. Na maji hayo ndiyo abiria wa lori.

Lori lililobeba watu nyuma, likienda kilomita 60 kwa saa katika lami iliyonyooka, huwatuliza abiria mpaka wakasinzia. Injini inasukuma, upepo na msuguano vinazuia, vyote vimelingana. Mtu aliyeketi juu ya magunia huona kana kwamba amekaa barazani kwake. Mara ng'ombe akatokeza barabarani. Dereva anakanyaga breki. Breki huyashika magurudumu, magurudumu huishika barabara, barabara hulirudisha lori nyuma. Je, ni nani anayemshika abiria? Baada ya ajali manusura husema, "Nilirushwa mbele." Kwa kweli hakurushwa. Lori ndilo lililozuiwa. Yeye aliachwa aendelee kwa kilomita 60 kwa saa mpaka alipokutana na ubao, au kichwa cha mwenzake, au lami.

Kasi hiyo ni mita 17 hivi kwa sekunde. Ili mtu aifikie kwa kuanguka, yampasa adondoke kutoka kimo cha mita 14, yaani juu ya jengo la ghorofa nne au zaidi. Hakuna mzazi atakayemwacha mwanawe acheze kwenye ukingo wa paa la ghorofa nne lisilo na ukuta. Lakini wazazi hao hao humpandisha mtoto juu ya mizigo ya lori na kumwambia ashike vizuri. Tena kasi ikiongezwa mara mbili, kimo cha kuangukia hakiongezeki mara mbili bali mara nne. Na umbali wa kusimamisha gari kwa breki huongezeka vivyo hivyo, mara nne. Madereva waliokwisha kulijua jambo hili kwa hesabu ni wachache kuliko waliolijua kwa ajali.

Kwenye kona mambo ni yaleyale, ila kwa upande. Ili lori lipinde, sharti barabara iyasukume magurudumu kuelekea ndani ya kona. Abiria wa nyuma, asiposhikiliwa na kitu, hufuata mstari ulionyooka, na lori humwondokea chini yake. Mizigo ikipangwa juu sana huwa na shauri lake: magurudumu huvutwa ndani ya kona huku mzigo wa juu ukitaka kwenda moja kwa moja, na lori hulala. Kwa hiyo mizigo mizito huwekwa chini na kufungwa, ubao wa nyuma hufungwa kwa vyuma vyake vyote, na watu huketi sakafuni, migongo ikielekea ubao wa mbele, badala ya kusimama au kukaa ukingoni.

Mkanda wa kiti haukubuniwa ili kumtii askari wa usalama barabarani, ingawa wengi huufunga wanapomwona tu. Kazi yake ni kumpa abiria nguvu ile ambayo breki hazimpi: humshika mwili asimame pamoja na gari. Mkanda unaopita kiunoni na kifuani ulitengenezwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa Sweden, aliyekuwa akifanya kazi Volvo. Na hapa pana neno kwa akina mama wanaopanda kiti cha mbele na mtoto mapajani. Mtoto wa kilo 10, gari likigonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa na kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, humhitaji mama yake amzuie kwa nguvu ya kuinua kilo 140. Upendo wa mama haupimiki, lakini mikono yake inapimika. Hakuna mama awezaye.

Yaliyosemwa juu ya lori yanatosha nchi kavu. Ziwani kuna hesabu nyingine, nayo imewagharimu watu wa nchi zote zinazolizunguka ziwa Victoria.

Boti huelea kwa sababu maji yanaisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyosukumwa kando. Kanuni hii ni ya Archimedes wa Syracuse, aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Boti yenye upana wa kutosha kufunika mita 9 za mraba za maji, ikipandwa na watu kumi wa kilo 60 kila mmoja, huzama zaidi kwa karibu sentimita 7, kisha hutulia, kwa maana maji ya ziada yaliyosukumwa yamelingana na uzito ulioongezwa. Wakipanda kumi wengine, huzama sentimita 7 nyingine, ikatulia tena. Utulivu huo ndio unaodanganya. Kila mara boti inatulia, nahodha anasema bado inabeba, na abiria wanamwamini kwa sababu wanaona kwa macho kwamba haizami. Wasichokipima ni ukingo uliobaki juu ya maji. Ukibaki sentimita 15, wimbi la sentimita 20 linaingia ndani. Maji yaliyoingia ni uzito mpya, uzito huo unaishusha boti, na wimbi la pili huingia kwa urahisi zaidi.

Tena kulingana kwa nguvu hakutoshi kama hazikukaa katika mstari mmoja. Uzito wa watu huvuta chini mahali pamoja, msukumo wa maji hupandisha juu mahali pengine. Watu wakiketi katikati, mahali hapo pawili pamenyookeana. Wakisimama, kitovu cha uzito hupanda juu. Wakikimbilia upande mmoja, kama wafanyavyo wanapoona gati au wanapoogopa wimbi, uzito huhamia huko kuliko maji yawezavyo kuufuata, na nguvu zile mbili, ingawa bado ni sawa kwa kiasi, huipindua boti kama mikono miwili inavyopindua usukani.

Tarehe 24 Novemba 2018, boti MV Templar iliyokuwa imejaa watu wa starehe ilipinduka katika maji ya Uganda, pwani ya Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa. Miezi miwili kabla yake, tarehe 20 Septemba, feri MV Nyerere ilikuwa imepinduka nchini Tanzania ikikaribia kutia nanga katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walikuwa zaidi ya 200.

Feri ile ilibaki ikielea chali, na hapo pana somo ambalo vikosi vya uokoaji vililipata kwa gharama kubwa zaidi, miaka 22 kabla yake. Tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba, ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa karibu na mwisho wa safari yake. Haikuzama mara moja. Ilielea kwa muda mrefu tumbo likiwa juu, na watu waliokuwa ndani walisikika wakigonga bati. Kilichoiweka juu ni hewa iliyonaswa chini ya tumbo hilo: palipo na hewa hapana maji, na muda wote hewa ile ilipokuwamo, uzito wa meli na msukumo wa maji vililingana. Waokoaji, kwa nia njema na kwa kusikia vilio vile, walikata tundu katika bati. Hewa ikatoka kwa kishindo, maji yakachukua nafasi yake kutoka chini, ulinganifu ukavunjika, na meli ikazama pamoja na waliokuwa ndani. Hesabu nyingi za waliokufa katika ajali hiyo hutaja zaidi ya watu 800. Katika ajali ya Ukara, mtu mmoja alitolewa akiwa hai siku mbili baadaye. Alikuwa amepata mahali penye hewa ndani ya feri, na wazamiaji walimfuata huko.

Mwili wa binadamu wenyewe karibu umelingana na maji. Mtu akijaza pumzi huelea kidogo. Akiitoa yote huanza kuzama. Kwa hiyo haihitajiki nguvu kubwa kumweka kichwa juu. Kilo chache tu za msukumo wa ziada zatosha, na hizo ndizo zinazotolewa na jaketi la kuokolea maisha, mradi limevaliwa na kufungwa kabla boti haijang'oa nanga, maana halivaliki majini katikati ya mawimbi na watu wanaoshikana. Pasipo jaketi, jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara husukumwa juu na maji kwa karibu kilo 19. Hilo laweza kuviweka juu vichwa vya watu wawili au watatu, wakilikumbatia kifuani na kuacha miili yao ndani ya maji. Anayejaribu kulikalia au kulipanda hutoa mwili wake nje ya maji, akaongeza uzito ambao jerikeni haliwezi kuubeba, nalo humponyoka.